Mei au Juni? Msafiri wa Machakos na Njia ya Mlima Kenya

Mwaka huu wa 2026 kalenda imewatega watu. Sikukuu ya Leba inaangukia Ijumaa, Madaraka inaangukia Jumatatu, na katikati yake kuna mwezi mzima ambao vijana wa makanisa, wanafunzi wa vyuo na wafanyakazi wa kaunti hapa Machakos wanachangishana pesa za kwenda mlimani. Swali linalozuka katika kila kundi ni moja: je, Mei si mwezi wa mvua? Mmoja anajibu kwamba mvua ilishakwisha, haoni hata wingu juu ya vilima vya Iveti. Mwingine anakumbusha mafuriko ya 2024. Wa tatu amesoma kitabu cha wazungu kinachosifu safari za milimani za mwezi huo. Wote watatu wana sehemu ya ukweli, na hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Makala haya yanachambua swali hilo kwa mtu anayeondokea Machakos, awe analenga Mlima Kenya, Aberdare au mahali pa karibu zaidi. Tarehe ni muhimu, lakini si jambo la kwanza.

Mkanganyiko unatoka wapi

Tuanze na kitabu. Katika Ulaya na Marekani mwaka una majira manne, na Mei ni mwezi wa theluji kuyeyuka, maua kuchanua na siku kurefuka. Ushauri wote wa vifaa, njia na tahadhari umeandikwa kwa kufuata mpangilio huo. Ukiuhamishia kwenye ikweta unavunjika. Kwetu joto la Mei halitofautiani sana na la Januari. Kinachobadilika ni maji. Ukanda wa mvua hulifuata jua, ukapita juu yetu kuelekea kaskazini kati ya Machi na Mei, ndiyo masika, kisha ukarudi kusini kati ya Oktoba na Desemba, ndiyo vuli. Kwa hiyo Mei ya kitabu ni mwanzo wa neema, na Mei ya hapa ni mkia wa mvua.

Chanzo cha pili kiko nyumbani. Ukambani masika ni msimu dhaifu. Mkulima wa Machakos hulitegemea zaidi zao la vuli, kwa sababu mvua za Machi hadi Mei mara nyingi huja zimechelewa na huondoka mapema. Kufikia katikati ya Mei ardhi ya Mwala au Yatta inaweza kuwa imekwisha kukauka. Mtu aliyezaliwa hapa anaitazama anga hiyo na kudhani nchi nzima iko hivyo. Kumbe mteremko wa mashariki na kusini-mashariki wa Mlima Kenya, upande wa Embu, Chuka na Chogoria, unapokea upepo wenye unyevu unaotoka Bahari ya Hindi, na pale Mei bado ni mwezi wa mvua kamili. Anga ya Machakos ni shahidi mbaya wa hali ya mlima.

Chanzo cha tatu ni kumbukumbu. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua zilikuwa hafifu kwa misimu mitano mfululizo, na aliyepanda mlima Mei 2022 hakuona matope ya kutisha. Miaka miwili baadaye, mafuriko ya masika yaliua zaidi ya watu 200 nchini. Tarehe 29 Aprili 2024 maji yalisomba makazi karibu na Mai Mahiu, Athi River ikafurika ndani ya kaunti yetu wenyewe, na ufunguzi wa shule ukaahirishwa hadi 13 Mei. Kila kundi lina mtu wa 2022 na mtu wa 2024, na kila mmoja anaapa kwa alichokiona.

Utabiri nao hauwezi kumaliza ubishi huu miezi mitatu kabla. Vuli hufungamana kwa nguvu na hali ya joto la bahari, hasa El Niño na mabadiliko ya Bahari ya Hindi, ndiyo maana wataalamu huitabiri kwa uhakika zaidi. Masika haina mshipi imara kama huo. Kimbunga kimoja baharini kinaweza kuvuta unyevu au kuusukuma mbali. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa taarifa za msimu, za mwezi na za wiki, na kwa msafiri taarifa ya wiki ndiyo yenye uzito. Ya msimu ni ya kupanga bajeti tu.

Mlima mmoja, anga kadhaa

Jambo ambalo mabishano mengi huliruka ni kwamba Mlima Kenya hauna hali moja ya hewa. Upande wa kusini-mashariki umefunikwa na msitu mzito na mianzi kwa sababu ndio unaolowa zaidi. Upande wa kaskazini, juu ya Timau na Nanyuki, umejificha nyuma ya kilele, na mvua yake haifikii hata nusu ya ile ya kusini-mashariki. Njia ya Sirimon inapanda upande huo mkavu. Njia ya Naro Moru inatokea magharibi. Chogoria, ambayo wengi huiita njia yenye mandhari mazuri kuliko zote kwa sababu ya bonde lake lenye maporomoko na Ziwa Michaelson, inatokea mashariki kwenye mvua.

Kuna pia suala la jua. Mwezi Juni jua liko kaskazini ya ikweta, kwa hiyo nyuso za kaskazini za mlima hupata mwanga na kukauka, huku za kusini zikijaa theluji na barafu. Desemba mambo hugeuka. Wapandaji wa kamba wanalijua hili vizuri: wanaolenga Batian, mita 5,199, huupanda uso wa kaskazini kati ya Juni na Oktoba, na uso wa kusini kati ya Desemba na Machi. Msafiri wa kawaida haendi Batian, anaenda Point Lenana, mita 4,985, ambako hakuhitaji kamba. Lakini kanuni inamhusu pia. Akitokea kambi ya Shipton kaskazini mwezi Juni, atakanyaga zaidi mawe na kokoto. Akitokea Austrian Hut upande wa kusini, anaweza kukutana na barafu ngumu alfajiri.

Na kuna saa. Msimu wowote ule, asubuhi mlimani huwa angavu, mawingu hupanda kutoka bondeni kadiri jua linavyopasha miteremko, na mchana ukikaribia kileleni hakuonekani kitu. Ndiyo maana watu huondoka kambini saa nane au saa tisa usiku ili wafike kileleni jua likichomoza. Katika masika tofauti ni kwamba wingu la mchana halileti ukungu tu, linaleta mvua, mawe ya barafu na radi.

Hoja ya wanaosema subirini

Kundi hili linataka safari isogezwe hadi Julai, Agosti au Septemba, au hata Januari na Februari. Historia iko upande wao. Mpanda milima Mackinder alifika Batian 13 Septemba 1899. Shipton na Wyn Harris walifika kilele cha Nelion 6 Januari 1929. Felice Benuzzi na wenzake wawili, Waitaliano waliokuwa mateka wa vita Nanyuki, walitoroka kambini Januari 1943 ili wapande mlima, kisha wakarudi kujisalimisha. Hata mfungwa asiye na ramani ya maana hakuchagua masika. Mwana wa Ukambani, Kisoi Munyao, aliisimika bendera ya Kenya Point Lenana Desemba 1963, lakini tarehe hiyo ilichaguliwa na uhuru wenyewe, si na hali ya hewa.

Hoja yao ni rahisi na yenye nguvu: nguo zikilowa kwenye mita 4,000 hazikauki. Joto hupungua takriban digrii 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Machakos mjini iko karibu mita 1,600 na kambi ya Shipton iko mita 4,200, kwa hiyo usiku unaohitaji sweta nyumbani ni usiku wa kuganda kule juu. Mtu mkavu aliyejifunika vizuri huvumilia. Mtu aliyelowa huanza kutetemeka, akili ikapungua, akafanya maamuzi mabaya. Helikopta ya uokoaji nayo haina msaada wingu likiwa limekaa juu ya bonde.

Udhaifu wao ni kwamba wanakichukulia kiangazi kama mali isiyo na gharama. Agosti ni likizo ya shule, kambi zimejaa, vibanda vinagombaniwa. Nanyuki na miteremko ya magharibi hupata awamu nyingine ya mvua Julai na Agosti, jambo ambalo watu wa huku hulisahau kwa sababu kwao miezi hiyo ni ya baridi kavu na mawingu ya chini. Januari na Februari ndiyo miezi mikavu zaidi, lakini Januari ya Mkenya mwenye karo ya kulipa kila mtu anaijua. Isitoshe, ukavu huleta moto: mbuga za juu za Mlima Kenya ziliungua vibaya Machi 2012 na tena Februari 2019. Na kuna hili la mwisho, ambalo si dogo: kundi lililoahirisha safari mara mbili kwa kawaida haliendi kabisa.

Hoja ya wanaosema twendeni

Wao wanasema Mei, hasa mwisho wake, ina mambo ambayo Agosti haina. Hewa iliyooshwa na mvua huonyesha mbali. Ni mvua hizo zinazosafisha vumbi, na asubuhi njema mtu akiwa juu ya vilima vya Machakos huuona mlima upande mmoja na Kilimanjaro upande wa pili. Mito imejaa, lobelia zimenawiri, theluji ni nyingi, na kwa nchi ambayo barafu yake ya kudumu inakwisha, hilo ni jambo la kuhesabiwa. Ripoti ya UNESCO ya 2022 iliutaja Mlima Kenya na Kilimanjaro miongoni mwa mahali ambapo barafu inatarajiwa kutoweka kufikia 2050. Anayetaka watoto wake wauone mlima mweupe ana sababu ya kuharakisha.

Kuna pia hoja ya mfuko na ya utu. Kati ya Aprili na mapema Juni wageni wa nje ni wachache, hoteli za Naro Moru na Nanyuki hushusha bei, na waongozaji na wapagazi wanakaa bila kazi. Kundi linalokwenda wakati huo linampa mtu riziki katika mwezi mgumu. Hoja hii naiheshimu, kwa sharti moja: isigeuzwe kisingizio cha kumpunja mpagazi kwa sababu ana njaa.

Udhaifu wa hoja yao uko barabarani na ardhini. Kutoka mji wa Chogoria hadi lango la hifadhi ni safari ndefu ya barabara ya udongo inayokatiza msitu. Ikilowa, hata gari linalosukumwa na magurudumu yote manne huteleza, na matatu ya kukodi kutoka stendi ya Machakos haifiki. Njia ya Naro Moru ina kinamasi maarufu juu ya kambi ya Met Station, mita 3,050, ambacho hata kiangazi hakikauki sawasawa. Katika masika mtu huzama hadi magotini. Aberdare ni hivyo hivyo. Barabara za ndani ya hifadhi hufungwa mvua zikizidi, na anayelenga Ol Donyo Lesatima, mita 4,001, anaweza kurudishwa langoni. Msituni, mvua na ukungu hupunguza uwezo wa kuona na kusikia, huku tembo na nyati wakiwa kwenye njia zile zile.

Hoja ya wanaosema tubaki karibu

Hili ndilo kundi linalosikilizwa kidogo kuliko yote, labda kwa sababu pendekezo lake halipigi picha ya kujivunia. Linasema Machakos ina mlima wake. Hifadhi ya Ol Donyo Sabuk, au Kilimambogo, ilitangazwa 1967, ina eneo la kilomita za mraba 20 na kitu, na kilele chake kipo mita 2,145. Barabara inapanda hadi juu, kaburi la mlowezi McMillan liko njiani, na maporomoko ya Fourteen Falls kwenye Mto Athi yako jirani. Katika masika ndipo yanapoonekana maporomoko kweli. Kwa anayetaka siku mbili au tatu, vilima vya Chyulu vipo upande wa Makueni. Udongo wake wa majivu ya volkano hunywa mvua upesi, na maji hayo ndiyo yanayoibukia chemchemi za Mzima zinazoinywesha Mombasa. Mei Chyulu huwa kijani kibichi.

Ubaya? Kilimambogo kuna nyati wengi kwenye vichaka, na kupanda kwa miguu bila askari wa wanyamapori ni kujitakia. Barabara ya kwenda juu huwa telezi baada ya mvua. Na ukweli usemwe, mita 2,145 si mita 4,985. Aliyeweka moyo wake kwenye theluji hataridhishwa na mnara wa mawasiliano juu ya kilima.

Jambo linalosahauliwa: idadi ya siku

Makundi yote matatu hubishana kuhusu mvua, na mvua kweli ni kero. Lakini hatari kubwa ya Mlima Kenya haina msimu. Ni kupanda haraka. Kileleni Lenana shinikizo la hewa ni zaidi kidogo ya nusu ya lile la pwani, na mwili unahitaji siku ili uzoee. Ushauri wa kawaida wa madaktari wa milima ni kwamba ukishapita mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 kati ya unapolala leo na utakapolala kesho, na upumzike siku nzima kila baada ya siku tatu au nne.

Sasa tazama wikendi ndefu. Kundi linaondoka Machakos Jumamosi alfajiri, linapitia Tala na Thika, linafika Sirimon mchana, linalala Old Moses, mita 3,300. Jumapili linakwenda Shipton, mita 4,200. Hapo tayari limeruka mita 900 kwa siku moja. Jumatatu usiku wa manane linaanza kupanda Lenana, na jioni linatarajia kuwa nyumbani ili watu wakaripoti kazini Jumanne. Ratiba hii huuzwa kila mwaka na watu wengi huimaliza. Wengi pia hutapika, huumwa kichwa na kuhesabu mateso hayo kuwa sehemu ya ushujaa. Wachache mapafu hujaa maji, na dawa ya kweli ya hali hiyo ni moja, kumshusha mgonjwa mara moja. Mwenye kulala Machakos mita 1,600 ana nafuu ndogo kuliko anavyodhani. Mwili wake haujawahi kuzoea mita 4,000.

Msimu wa mvua unaingia hapa kwa mlango wa nyuma. Mvua hupunguza mwendo, hufuta nusu siku, na kundi lenye siku tatu tu halina siku ya kupoteza. Ndipo mwongozaji anaposukumwa avuke mto uliojaa au aendelee na mtu anayepepesuka, kwa kuwa pesa imeshalipwa na Jumanne inakaribia. Kundi lenye siku tano au sita linaweza kukaa hemani mchana mzima mvua ikinyesha, na mchana huo ukawa ndio siku yake ya kuuzoesha mwili. Mvua ile ile inaliumiza kundi moja na kulisaidia jingine.

Mizani

Nikipima hoja zote, wanaosema subirini wana haki kuhusu wiki tatu za kwanza za Mei. Wikendi ya Leba sioni jambo la kuitetea kwa anayelenga Lenana: mvua bado iko kileleni mwa nguvu zake, siku ni tatu, barabara ya Chogoria ni matope. Kundi la wikendi hiyo liende Kilimambogo na Fourteen Falls, na likitaka mazoezi lipande Iveti na vilima vya Mua kwa miguu.

Wikendi ya Madaraka ni ya kubishaniwa. Kufikia Juni mosi ukanda wa mvua kwa kawaida umeshapita kaskazini, jua liko upande wa Sirimon, na kambi bado ni tulivu. Kundi linaloweza kuongeza siku tatu za ruhusa juu ya sikukuu linaweza kwenda, kwa Sirimon kupanda na Sirimon kushuka, kwa kulala Old Moses usiku mara mbili kabla ya kusogea. Kundi lisiloweza kuongeza siku lisiende, hata anga iwe buluu kama kanga mpya. Hapa ndipo naachana na pande zote mbili: Madaraka yenye siku sita ni salama kuliko Agosti yenye siku tatu.

Chogoria na bonde lake liachiwe Julai kwenda mbele, au Januari. Aberdare vivyo hivyo, kwa kupiga simu langoni kwanza kuuliza barabara zipi zimefunguliwa.

Kuhusu maandalizi sitarefusha. Ada za hifadhi hulipwa kwa njia ya eCitizen na hubadilika, kwa hiyo ziangalie wiki unayolipa, si kwenye tangazo la mwaka jana. Hifadhi haimruhusu mtu kupanda peke yake, na mwongozaji achukuliwe mwenye kitambulisho halali. Koti la mvua la kweli lina thamani zaidi kuliko buti za bei ghali, na nguo za kulalia zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki zisiguswe hadi usiku. Pamba na jinzi ziachwe nyumbani, sweta za sufu za mtumba zinatosha sana.

Kabla mweka hazina hajatuma pesa ya kwanza, kundi likubaliane mambo mawili kwa maandishi: tarehe ya pili ya akiba endapo taarifa ya wiki itaonya mvua kubwa, na kwamba neno la mwongozaji la kurudi halitapigiwa kura. Kundi lisiloweza kukubaliana hayo likiwa limekaa Machakos kwenye chai halitakubaliana kwenye mita 4,200 usiku wa manane, na ni afadhali lijue hivyo mapema, likabadilisha mpango kuwa wa Chyulu.